Pua ya Mgema

Jumamosi iliyopita mgeni mmoja alinirudishia chupa ya mvinyo mwekundu. Alisema, kwa upole tu, kwamba ni baridi, na mwekundu hunywewa kwa joto la chumbani. Sawa, lakini chumba cha wapi? Kanuni hiyo ilitoka Ulaya, kwenye nyumba za mawe za zamani zenye joto la nyuzi 16 hadi 18 hivi. Sebule yangu hapa Malindi, mwezi wa Machi, hupita 30. Ukiunywa kwa joto hilo, kileo hukupanda puani kabla ya kitu kingine chochote, na ladha ya zabibu huisikii. Mtu wa pwani, itie chupa yako kwenye friji nusu saa, wala usimwogope mtu.

Woga huo ndio ulionikalisha kuandika. Nimehudumu kwenye mikahawa ya mji huu miaka tisa, mingi yake ya Waitaliano, na nimewaona watu wetu, wanaonusa kata ya mnazi na kukuambia huu umegemwa asubuhi na ule ni wa jana jioni, wakiwekewa glasi ya mvinyo wananyamaza kama wako mbele ya hakimu. Inaniuma. Hata neno lenyewe tumelizoea siku nyingi: mvinyo ni vinho ya Wareno, wale aliowaleta Vasco da Gama hapa mwezi wa Aprili 1498.

Swali ninaloulizwa sana jikoni ni la rangi. Kamua zabibu nyeusi, nyingi zitakutolea maji yasiyo na rangi. Wekundu unatoka kwenye ganda, juisi inapoachwa ikae nalo siku kadhaa. Ndiyo maana shampeni, iliyo nyeupe kabisa, mara nyingi hutengenezwa kwa Pinot Noir na Meunier, ambazo zote mbili ni zabibu nyeusi. (Na chupa ya shampeni usiielekeze usoni pa mtu. Ndani mna mgandamizo wa karibu mara tatu ya ule wa tairi la gari.)

Wajuzi nao hutekwa na rangi. Mwaka 2001, mtafiti Frédéric Brochet wa Bordeaux, Ufaransa, aliwapa wanafunzi 54 wa mambo ya mvinyo glasi ya mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Waliueleza kwa maneno yanayotumiwa kwa mwekundu. Macho yalikuwa yameshaamua, pua ikafuata. Nchini Chile, wakulima waliuza zabibu wakiziita Merlot hadi 1994, ndipo ikagunduliwa kwamba nyingi zake ni Carménère, aina iliyodhaniwa imetoweka tangu wadudu walipoiharibu mizabibu ya Ulaya karne ya 19. Kama hao walikosea, wewe unayejifunza unaona haya ya nini?

Lakini jambo ninalolipenda kuliko yote ni chachu. Mjomba wangu ni mgema huko Ganda. Hupanda minazi yake asubuhi na jioni, kisu chake cha kotama kiunoni, hukata kipande chembamba cha panda, yaani kikonyo cha maua ya mnazi, ili utomvu usikauke, kisha hurudisha kibuyu. Hatii hamira. Vijidudu vya hamira viko hewani na kwenye kibuyu chenyewe, na kabla jua halijawa kali tembo la mnazi limeshaanza kutoa povu. Kazi hiyohiyo, sukari kugeuzwa kileo, ndiyo inayofanyika kwenye mapipa ya Italia, na kwenye mitungi ya udongo ambayo watu wa Georgia wameifukia ardhini. Mabaki ya mvinyo ya miaka 8,000 yamepatikana nchini humo. Tofauti kubwa ni subira: mnazi haungoji, kesho ni mkali, na keshokutwa unaelekea kwenye siki. Mvinyo nao ungefika hukohuko kama usingezibwa hewa isiingie.

Mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alilichunguza tatizo hilo la kuchacha miaka ya 1860, akaona kwamba mvinyo ukipashwa moto wa nyuzi 50 au 60 bila kuchemka, vijidudu waharibifu hufa. Maziwa ya pakiti unayonunua dukani yalirithi njia hiyo. Kwa hiyo hata ndugu zangu Waislamu wasiougusa mvinyo wana deni dogo kwake kila asubuhi kwenye chai. Na neno alkoholi limetokana na Kiarabu, al-kuhl, yaani wanja. Unga laini ule wa machoni uliwapa wakemia jina la kitu kilichosafishwa mno, baadaye likahamia kwenye kileo.

Mwezi uliopita nilimpelekea mjomba mvinyo mweupe uliobaki kwenye chupa iliyofunguliwa siku nne. Kazini wenzangu wawili walikuwa wameuonja wakasema uko sawa. Mjomba hakuuonja. Aliuinamia, akavuta pumzi mara moja, akanirudishia glasi.

“Mwanangu, hii imeshaanza kuwa siki.”

Nikaonja. Ilikuwa imeanza kweli.