Mvua ya Dodoma Huombwa, Haiamriwi

Ikifika Novemba, Dodoma nzima huangalia juu. Vumbi limetawala miezi mingi, makorongo yamebaki mchanga mtupu, na kwenye makanisa na mikesha maombi ya mvua yanaanza. Hilo nalipenda kwa moyo wote. Nisichoweza kukipokea ni namna ya kuomba iliyoshika kasi siku hizi: mhubiri anashika kipaza sauti, anayaamuru mawingu yafunguke, anaikemea anga, kisha anampangia Mungu siku. Jumapili isifike kabla haijanyesha! Watu wanaitikia kwa kelele. Naamini tunakosea, tena tunakosea mahali palepale ambapo kazi ya Mungu ilipaswa kutushusha.

Hoja inayotolewa daima ni Eliya. Alifunga mvua, akaifungua, basi na sisi tuna mamlaka. Lakini hebu tumtazame Eliya mwenyewe siku ile juu ya Karmeli. Aliinama mpaka chini, akaweka uso katikati ya magoti yake. Akamtuma mtumishi wake atazame upande wa bahari, akaambiwa hakuna kitu. Akamrudisha tena na tena, mpaka mara ya saba ndipo kikaonekana kiwingu kidogo kama mkono wa mtu. Huyu ni mtu ambaye saa chache kabla alikuwa ameona moto ukishuka kutoka juu mbele ya umati. Kama kuna mwanadamu aliyekuwa na sababu ya kuamuru siku hiyo, ni yeye. Akachagua magoti.

Ndugu zetu Waislamu wana adabu hiyo hiyo katika swala ya kuomba mvua. Watu hutoka kwenda uwanjani wakiwa wanyonge, bila nguo za fahari, wakitanguliza kuomba msamaha, na imamu hupindua joho lake kama Mtume alivyofanya. Na huku Ugogo, kabla ya kanisa na msikiti, mtemi aliyebeba dhamana ya mvua naye alijua kwamba yuko mbele ya mkubwa kuliko yeye. Sisemi mambo haya ni sawa katika kila kitu. Mimi ni Mkristo na nina imani yangu. Nasema tu kwamba watu wa nchi kavu, kwa vizazi vingi, walielewa kwamba mvua haisimamiwi na sauti ya mtu.

Na anayeamuru wingu ajue anaamuru nini. Mvua yetu hulifuata jua. Jua linapoelekea kusini mwa ikweta, ukanda wa mawingu unaoizunguka dunia huteremka nalo, hufika kwetu karibu na Desemba, na kufikia mwisho wa Aprili umeshatuaga. Msimu ni huo mmoja. Mwaka mzima tunapata kama milimita 550 hadi 600, na ndani ya hizo mkulima wa uwele na mtama lazima apate chakula cha miezi 12. Bahari ya Hindi, mamia ya kilometa kutoka hapa, ikipata joto la ziada kidogo tu upande wetu, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2019, Afrika Mashariki yote inafurika. Ikigeuka upande mwingine, tunakauka. Jua, bahari na pepo za nusu ya dunia zinahusika ili gunia moja la mtama lijae Chamwino.

Kinachonistaajabisha zaidi kiko chini ya ardhi. Kwa miongo mingi jiji hili limekunywa maji ya visima vya Makutupora, kaskazini ya mji. Huko mwamba wa granaiti wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5 umeoza na kupasuka, na ndani ya mipasuko hiyo maji yamehifadhiwa. Watafiti walipitia kumbukumbu za kina cha maji katika visima hivyo kwa miaka 55, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Waliona kwamba mvua za kawaida haziongezi kitu cha maana huko chini. Miaka hupita, kiwango kikishuka taratibu. Kisha unakuja msimu mmoja wa mvua nzito kupita kiasi, kama ule wa El Niño wa 1997 na 1998, na hazina inajaa tena.

Nilipolielewa hilo nilikaa kimya muda mrefu. Mvua ile tuliilaani. Iliharibu barabara, ikasomba mazao, na hakuna aliyeipigia makofi. Lakini miaka iliyofuata, mama aliyefungua bomba Chang'ombe au Area D akamnywesha mtoto wake alikuwa akitumia akiba iliyowekwa na mvua ile ile. Kama tungekuwa na uwezo wa kuamuru mawingu mwaka ule, tungeyaamuru yaondoke, na tungekufa kiu kwa amri yetu wenyewe.

Kuna wanaoogopa kwamba ukieleza mvua kwa joto la bahari umemtoa Mungu. Kwangu imekuwa kinyume. Ile harufu ya matone ya kwanza, ambayo kila Mgogo aliye mbali na nyumbani huikumbuka, hutokana kwa sehemu na bakteria wadogo mno wa kwenye udongo. Usiku huohuo vyura waliokuwa wamejifukia ardhini kwa miezi wanatoka na kuimba mpaka alfajiri. Nani aliwaamsha? Kadiri ninavyojua zaidi namna mambo haya yanavyofanyika, ndivyo ninavyozidi kuona aibu ya kupaza sauti mbele zake.

Heshima hiyo haiishii kwenye magoti, kwa sababu anayejiona mwenye amri hana haja ya kulinda alichopewa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya 765,000 katika jiji la Dodoma. Tumejenga kwenye njia za maji kwa sababu zilikuwa kavu siku tuliyonunua kiwanja, tumejaza taka kwenye makorongo, tumekata miti ya vilima kwa mkaa. Maji yakirudi kwenye njia yake tunasema Mungu ametupiga. Hapana. Hilo ni neno zito kumtwika Mungu, na sisi ndio tuliojenga.

Kondoa walijifunza kwa gharama. Mmomonyoko ulikuwa umechimba mahandaki ya kutisha, mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ukaanza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyoharibika zaidi. Wafugaji waliumia, na maumivu yao yasifichwe. Lakini binadamu alipopunguza mkono wake, nyasi na miti vilirudi, sehemu kubwa vyenyewe.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaoandaa maombi ya mvua msimu huu. Punguzeni sauti ya spika, ianze toba, na toba hiyo itaje makorongo kwa majina yake. Tukishasema Amina, Jumamosi inayofuata tukutane na majembe na machepe tuyazibue kabla ya Desemba. Mimi nitakuja na jembe langu.