Uso uliopooza: tusiwasahau 29 katika kila 100

Wanaoitilia shaka fiziotherapia ya uso wana hoja nzito. Kupooza kwa Bell, ambako upande mmoja wa uso hulala ghafla bila kiharusi, mara nyingi huisha kwenyewe. Dawa iliyothibitika ni prednisolone, ya kupunguza uvimbe, ikianzwa ndani ya saa 72 (na wangapi huzimaliza saa hizo wakitafuta nani kamtupia jini). Mapitio ya 2011 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, hayakupata ushahidi imara kwamba tiba ya viungo, iwe ya umeme au ya mazoezi, inabadili mambo sana. Kwa nini basi mama lishe wa Mbagala apoteze nauli na siku ya biashara kila wiki?

Swali ni la haki. Ila hiyo “mara nyingi” ni wangapi? Peitersen wa Denmark, katika utafiti uliochapishwa 2002, alifuatilia wagonjwa 1,701 wasiopewa tiba. Asilimia 71 walipona kabisa, na hiyo ndiyo namba inayonukuliwa kila mahali. Waliobaki ni 29 katika kila 100. Kwa wale ambao uso ulikuwa umelala wote, bila msuli hata mmoja kucheza, waliopona kabisa walikuwa asilimia 61 tu. Mgonjwa wa namna hiyo akiambiwa “subiri, itaisha”, anafarijiwa kwa bahati ya watu wengine.

Tena kutopona si kubaki umelala tu. Neva (mshipa wa fahamu) ya uso inapoota upya, nyuzi zake huweza kupotea njia: mtu akitabasamu, jicho linajifumba; akifumba jicho, mdomo unavutwa. Prednisolone ya siku 10 haitafundisha msuli kuacha hayo. Mtaalamu wa fiziotherapia hufundisha kwa kioo: mwendo mdogo, wa taratibu, huku jicho likizuiwa lisifuate mdomo. Mapitio yaleyale ya Cochrane yalisema mazoezi yanayopangwa kwa hali ya mgonjwa huenda yakamsaidia, hasa aliyekaa na tatizo muda mrefu. Ushahidi ni dhaifu, kweli, lakini udhaifu huo hautoshi kumfungia mtu mlango.

Kinachoiharibia jina tiba hii ni vile vinavyopita kwa jina lake mitaani: kutafuna bazoka kutwa, kupuliza maputo, kukandwa kwa nguvu. Kulazimisha uso hivyo kunaweza kuizoesha misuli mienendo ileile mibaya.

Kwa hiyo sioni sababu ya kumpeleka kila mgonjwa kliniki tangu wiki ya kwanza. Apate dawa mapema, matone ya macho, na plasta ya kufungia jicho usiku. Kwa Peitersen, asilimia 85 walianza kuonyesha nafuu ndani ya wiki tatu. Ambaye wiki hizo zimepita na uso haujacheza apewe rufaa bila kubembeleza, afundishwe zoezi la kioo alifanyie nyumbani, na kliniki aende mara chache tu kurekebishwa.