Mbio zimeisha Jumapili, maelezo bado yanaendelea

Jamani hivi yupo mtu anaweza kunieleza kwa nini wazee tukikimbia kilomita kumi zinaisha kwa saa moja na ushee, halafu kuzisimulia inachukua wiki nzima? Maana mi nimechoka, na sijachoka na mbio, mbio nazimudu hivyo hivyo kwa kujikongoja, nimechoka na maelezo. Jumapili tumekimbia, Jumatatu alfajiri simu inaita, mzee mwenzangu hata salamu hajamaliza, "aisee kilomita ya saba uliniona nilivyochomoka?" Nikuone wapi ndugu yangu, kilomita ya saba mi nilikuwa naangalia lami tu nisije nikajikwaa.

Na mjue kabisa, hakuna mzee aliyewahi kushindwa mbio. Wanaoshindwa ni vijana, sisi tunazuiwa. Tunazuiwa na upepo, tena upepo wa ajabu kweli, kwenda unakupiga usoni na kurudi unakupiga usoni, tunazuiwa na raba mpya haijazoea mguu au raba ya zamani imeisha soli, mwingine hakulala vizuri, mwingine alilala mno mwili ukalegea, na wote hao ukiwavumilia utafika kwenye goti. Lazima mfike kwenye goti. Siku hizi mtu akianza kusimulia naangalia tu ataingia kwenye goti dakika ya ngapi. Na goti la mzee haliumi kama la watu wengine, la kwake lilikuwa limetulia wiki nzima, kalichua, kalifunga bandeji, limemwahidi kabisa, halafu kwenye mteremko likamgeuka. Sasa hapo unampa pole nani, yeye au goti?

Halafu chooni. Chooni ndo mbio zenyewe zinapoanzia na sijui kwa nini waandaaji hawatoi medali hapo. Foleni ya vyoo asubuhi ya mbio ukiiangalia vizuri utaona vijana wamechanganyika changanyika, lakini wazee ni walewale. Mzee anaingia, anatoka, anajinyoosha, anashusha pumzi, halafu anatembea taratibu anarudi mwisho wa foleni. Hajasahau kitu, anajijua tu kwamba mpaka foleni ifike atakuwa tayari tena. Tukiwa humo tunapiga stori, tunaulizana presha, filimbi inapulizwa, umati unaondoka, na sisi bado tumesimama na namba zetu kifuani tumebana miguu. Ndo maana chipu, kile kidude cha kupima muda anachovaa kila mkimbiaji, kwetu ni neema kubwa. Zamani saa ilikuwa inaanza kuhesabu bunduki ikilia hata kama wewe uko chooni unahangaika na kamba ya bukta, siku hizi kwenye mbio nyingi muda wako mwenyewe unaanza ukikanyaga lile zulia la kuanzia. Lakini kwenye kugawa zawadi kuna mbio wanafuata muda wa bunduki, na hapo ndo ugomvi unapozaliwa, mzee anakwambia "mi nimemshinda kwa chipu, yeye kanishinda kwa bunduki," utafikiri wanasimulia vita.

Sasa tuje kwa huyu wetu wa saa. Kila kundi la wazee wanaokimbia lina mmoja ambaye watoto walimnunulia saa ya setilaiti ya siku ya kuzaliwa, na tangu siku hiyo hana rafiki. Sisi tumekimbia kilomita kumi, yeye kakimbia kumi na mita mia nne. Kila mara. Anamfuata mwandaaji mpaka kwenye gari anamwambia njia yenu mmepima vibaya. Mwandaaji wa watu kachoka anamweleza kwa upole, mzee wangu njia ya mbio rasmi haipimwi kwa simu, inapimwa kwa baiskeli yenye kihesabu kwenye gurudumu, wapimaji wanafuata ule mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji anaweza kupita, kona zote wanazibana kwa ndani, na wakimaliza wanaongeza mita moja kwa kila kilomita isije ikapungua. Kwa hiyo hata marathoni ya kilomita 42.195 ndani yake kuna kama mita 42 za bakshishi. Zinazobaki ni zako wewe uliyekuwa unakata kushoto kufuata maji, unakata kulia kumsalimia shemeji, kona unaipigia mbali kama lori la mzigo. Anasikiliza, anatikisa kichwa, anasema sawa, akifika kwetu anasema "wamekubali kwamba walikosea."

Saa hiyohiyo inampimia na moyo. Kuna hesabu moja ya haraka haraka ya kujua moyo unaweza kupiga mara ngapi kwa dakika ukifika kikomo, unachukua 220 unatoa umri wako, kwa hiyo mtu wa miaka 62 anapata 158. Ni makadirio tu, watu wanatofautiana sana, lakini saa haijui makadirio. Tunapanda kilima, saa inaanza kulia pii pii pii, 171, anasimama katikati ya njia anaisoma kwa mkono mmoja huku mwingine unatafuta miwani, watu wanamkwepa, na miwani kaiacha kwenye begi. Ikabidi nimsomee mimi. Imeandika "unapumzika vizuri?" sijui alikuwa ameminya wapi. Kule mbele akapunguza kidogo, na nasema kidogo kweli, ikamuuliza kama amemaliza mazoezi iyahifadhi. Mzee alikuwa bado anakimbia! Kaichukia mpaka leo, ila hajaivua.

Na vijana nao. Mi sina tatizo na kijana kunipita, barabara ni ya wote, tatizo langu ni adabu. Uko kilomita ya tisa, kifua kinawaka, hewa unaivuta kwa mkopo, unasikia nyuma tap tap tap, binti mdogo wa kama miaka kumi na mbili anakuja, nywele kazibana vizuri, hata jasho hana, akifika usawa wako anapunguza mwendo kabisa anageuka, "shikamoo babu." Sasa ufanyeje? Usipoitikia umekuwa mzee wa ovyo usiye na malezi. Ukiitikia, hiyo "marahaba" ina silabi nne, na mi nilikuwa nimebakiwa na pumzi ya mbili. Nikatoa "maraa", iliyobaki ikafuata baadaye wakati yeye keshapotea kwenye kona. Nyuma yake likaja kundi la wenzake, shikamoo, shikamoo, shikamoo babu. Naomba waandaaji waweke bango pale mwanzoni, salamu zote zitatolewa baada ya mstari wa kumalizia.

Kitu pekee kinachotutetea ni makundi ya umri. Dunia nzima mtu anaingia kwenye daraja la wakongwe akifika miaka 35, ambayo ni matusi kwa watu wa miaka 35 lakini hayo ni yao, halafu kila baada ya miaka mitano unahamia kundi jingine. Huu mpango umetuharibu akili. Watu wengine wakikaribia sitini wanaficha umri, wanapaka nywele rangi, sisi tunahesabu siku. Tunaye ndugu yetu ana miaka 59, mwaka mzima huu hataki kusikia mbio, anasema goti (si nilisema?), lakini ukweli tunaujua, anasubiri atimize sitini aingie kule akiwa yeye ndo kijana wa kundi, awachape wa 64. Mwenzie wa 64 naye kajifungia mazoezini kimya kimya hataki kuonana na mtu mpaka afike 65. Hivyo wote wawili wanakimbiana kwa kalenda. Na dada yetu mmoja, mstaafu, mcheshi sana, huyo kila wiki ana kikombe. Kundi lake la sabini na kuendelea wako watatu. Akikuletea habari anasema "nimeshika nafasi ya tatu," na ukimuuliza kati ya wangapi anabadilisha mazungumzo anakuuliza habari za watoto.

Wale wetu wa marathoni ndo siwagusi, wale wana mateso yao na historia. Ukimkuta mmoja anakwambia mpaka kilomita ya thelathini alikuwa anaruka tu kama swala, halafu akagonga ukuta. Kitaalamu ni akiba ya sukari ya kwenye misuli na ini imekwisha, mwili unaanza kuunguza mafuta na mafuta yanaungua polepole, kwa hiyo na wewe unakwenda polepole, na ajabu ni kwamba mwenzetu huyu ukimwangalia tumboni mafuta anayo ya kumfikisha nchi jirani. Yeye hasira zake zote ni kwa familia ya kifalme ya Uingereza. Mbio za Olimpiki ya kwanza kule Athens mwaka 1896 zilikuwa kama kilomita 40 hivi, lakini London mwaka 1908 wakaanzia kwenye kasri la Windsor na kumalizia mbele ya jukwaa la wafalme uwanjani, ikatoka 42.195, na mwaka 1921 ikafanywa ndo kipimo rasmi. Kwa hiyo kila akifika kilomita ya arobaini anasimama na kuwalaani kwa sauti. Watu wa huduma ya kwanza wanamjua, wanamwambia haya mzee umeshamaliza, twende.

Tena mwaka huohuo wa 1908 kuna Mwitaliano Dorando Pietri aliingia uwanjani wa kwanza, kazidiwa, akageukia upande usio sahihi, akaanguka mara kadhaa, maofisa wakamsaidia mpaka kwenye mstari, wakamnyang'anya ushindi kwa kusaidiwa. Dhahabu akapewa Mmarekani Johnny Hayes. Lakini kesho yake Malkia Alexandra akampa Pietri kikombe, na hadi leo anayesimuliwa ni Pietri, Hayes wa watu aliyekimbia vizuri bila kumsumbua mtu hana anayemkumbuka. Unaona mambo haya? Wazee wetu hawajakosea, maelezo yanalipa.

Jumatatu bado unaweza kutembea. Vitabu vyote vinasema maumivu ya misuli baada ya mbio yanazidi siku ya pili mpaka ya tatu, na kinachoumiza zaidi si kupanda, ni kushuka, maana misuli ya paja inafanya kazi huku inavutwa. Kwa hiyo Jumanne nimefika ngazi za ofisini, namkuta mwenzangu tuliyekimbia naye kasimama juu kabisa kashika kile chuma cha pembeni kwa mikono yote miwili, ametoa mguu mmoja hewani, anautathmini. Akaurudisha. Akageuka akaanza kushuka kinyumenyume, taratibu, kila ngazi anasema "aah," na alikuwa na faili kwapani. Watu wanapita wanasema pole mzee, nini tena, na yeye anajibu kwa furaha kubwa, "mbio hizo!" Yaani anaumia lakini anaona raha kuulizwa. Kucha ya kidole gumba imekuwa nyeusi inataka kung'oka, alishavua kiatu kutuonyesha wakati wa chai, na tulikuwa hatujamaliza chai.

Mi binafsi Jumapili nilikimbia vizuri tu, muda wangu ulikuwa wa kuridhisha, na kama kile kilima kisingekuwa na upepo tungeongea mengine. Nilikuwa nimejiandaa kusema hivyo kikaoni kwetu, nimekohoa kabisa, wetu wa saa akanikata, akasema hayo madogo, tumzungumzie Ed Whitlock. Kila nikitaka kujisifu huyu Mkanada lazima aletwe. Whitlock mwaka 2004 kule Toronto alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 54 na sekunde 48, akiwa na miaka 73! Na mwaka 2016 akiwa na 85 akarudi palepale akamaliza chini ya saa nne. Kabla sijapumua yule dada yetu wa nafasi ya tatu akaongezea mwanamama Jeannie Rice, marathoni ya London mwaka 2024, miaka 76, saa 3 na dakika 33. Basi mi nikakaa kimya na muda wangu wa kuridhisha.

Sasa balaa limetoka hapo. Mtu akauliza huyo Whitlock alikuwa anafanyia wapi mazoezi, wetu wa saa akasema makaburini. Kweli, jirani na kwao kule Milton, Ontario, kulikuwa na makaburi na yeye alikuwa anazunguka humo humo masaa na masaa, hakuna magari, ukijisikia vibaya nyumbani ni karibu. Wazee wakaangaliana. Mmoja akasema aisee hata sisi tungeweza, pale kuna kivuli, kumenyooka, hakuna watoto wa kukuamkia. Wakapitisha palepale, Jumamosi hii mazoezi yanahamia makaburini saa kumi na mbili alfajiri. Mke wa yule wa 59 aliposikia akacheka mpaka akakaa chini, akasema hiyo safi, mtakuwa mmejipunguzia usafiri.

Limebaki suala moja halijapata muafaka, nani atangulie. Hawa watu niwaambie wamegombania kutangulia kila njia, wamesukumana mpaka kwenye meza za maji, lakini safari hii wamekuwa wastaarabu ghafla, tangulia wewe mkubwa, hapana tangulia wewe bwana mi goti langu unalijua, na wa 64 kasema yeye huko hatangulii mpaka atimize 65.