Kabla hamjaiamini ile video ya mwembe

Najua mmeshaiona, ile ninayoning'inia kwenye kamba, mnasema nacheza ngoma ya mdundiko. Hata shemeji yangu wa Mwanza kaiona, na yule kila siku anaomba bando kwa watu. Sekunde 14, haina sauti, na jamaa yangu aliyeirekodi kaiwekea maneno "Safari njema, kaka." Mnajua jamaa alikuja kwangu kufanya nini siku ile? Kurudisha ngazi. Ngazi, wakuu! Aliiegemeza ukutani, hatua tatu kutoka nilipokuwa nimening'inia, akatoa simu.

Sasa ngoja niwape yale ambayo sekunde 14 hazikuyabeba.

Mwembe wangu ni dodo, mkubwa, na tawi lake moja lilikuwa limelalia bati la jirani. Masika iko mlangoni, na jirani ni mstaarabu, hagombi. Kila kukicha ananiuliza tu juu ya ukuta, "Tawi letu limeamkaje?" Nikaenda kijiweni nikaleta fundi wa miti. Akaja na msumeno wa mnyororo, panga, kamba ya katani na kijana mmoja mwenye mikono ya kubebea magunia.

Nikamwambia fundi anyoe mti wote, upara, tupumzike miaka mitano. Akakataa. "Bosi, ukiukata kichwa unachipua fito nyingi ndefu, hazina nguvu, halafu ndizo zitakazokudondokea. Tutoe hili tawi, tutoe makavu na yanayosuguana, basi. Na ni sasa, umeshamaliza kuzaa. Ukingoja Juni unakata na maua." Mtu anaijua kazi yake. Nikauliza bei.

"Elfu 80."

Mnagawanaje? Elfu 50 yake, elfu 30 ya kijana. Na kijana anafanya nini? "Anashika kamba."

Jamani. Elfu 30 kushika kamba! Mimi nimezaliwa Tanga, nimeshika kamba za mbuzi, za ndoo, za ngalawa. Tena mama mkwe alikuwa barazani kwenye mkeka, kaja kututembelea, anachambua mchele huku sikio liko kwetu. Mkwe wa kiume ukiwa na mama mkwe barazani huwezi kuonekana unalipa mtu akushikie kamba. Nikasema kamba nitashika mwenyewe. Kijana hakubisha. Alivuka barabara, akaagiza soda, akageuza kiti kuelekea kwangu. Nilipaswa kushtuka hapo.

Fundi akaniuliza, "Bosi, una kilo ngapi?" Nikadhani ni mazungumzo tu. Nikamwambia 62. Akalitazama tawi, akanitazama mimi, akalitazama tena tawi. "Basi zungusha mara mbili." Nikazungusha mara mbili. Kiunoni.

Shina la mwembe lilikuwepo pale pale, nene, halina kazi yoyote. Lakini nani aliniambia?

Fundi akapanda. Kamba ikafungwa kwenye tawi, ikapitishwa kwenye panda ya juu, ikashuka kwangu. Kwa haki ya Mungu kazi yake haikuwa na dosari. Alianza kulikata tawi kwa chini kidogo, mbali na shina, ili likivunjika lisichune gome mpaka kwenye mwili wa mti. Ndipo akahamia juu. Vumbi la mbao likaninyeshea. Mimi nimetanua miguu, kandambili zimekamata ardhi, mama mkwe ananitazama, najiona mwanaume.

Ikalia *kraa*.

Tawi likainama polepole. Kamba ikakaza kiunoni, nikaona raha, nikasema kumbe ndivyo inavyokuwa. Visigino vikanyanyuka. Nikadhani nimejinyoosha. Kisha vidole. Nikatazama chini nikaziona kandambili zangu zimebaki pale pale, zimepangana vizuri, mimi simo.

Ndugu zangu, nilipanda kama ndoo ya kisimani. Taratibu, sikujibamiza popote, nina muda wa kuona kila kitu. Nikaona upande wa pili wa ukuta nguo za jirani zimeanikwa. Nikamwona jirani mwenyewe kasimama na kikombe. Nikafikia usawa wa baraza, nikagongana macho na mama mkwe, na kwa hofu na adabu zilizochanganyika kinywa kikatoa kilichokuwa karibu:

"Shikamoo mama."

Nilishamwamkia asubuhi. Naye, ungo mkononi, akaitika: "Marahaba, mwanangu." Mimi huyo, naendelea kupanda.

Katikati ya safari tukapishana na tawi. Lenyewe linashuka, mimi napanda, na baina yetu kuna kifurushi cha majani mabichi yaliyoshonwa pamoja. Waliokulia pwani wameshajua. Majimoto. Wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kwa nyuzi za hariri za watoto wao, wadudu ambao wakulima wa minazi na mikorosho wanawapenda kwa sababu wanafukuza waharibifu wa mazao. Kiota kikapasukia paji langu la uso, na mharibifu wa mazao nikawa mimi.

Majimoto haumi akaondoka. Anang'ata, anakunja kiuno, anamwagia asidi pale pale alipong'ata. Walianza shingoni. Wakashuka kifuani kwa utaratibu wa watu wenye ramani. Walipofika kwenye lastiki ya bukta walisita kidogo, nikaamini wana haya.

Hawana.

Hapo ndipo video inapoanza. Ule mnaouita mdundiko ni mtu anajaribu kujipiga sehemu ambayo huwezi kujipiga mbele ya mkweo. Tawi limetua, mimi nimesimama hewani, miguu iko juu ya kichwa cha mtu mzima, na fundo limejikaza halifunguki. Fundi anapiga kelele, "Bosi, shuka!" Nishuke na nini? Mama mkwe akapiga ukemi: "Vua, baba, vua! Mie nimeshafumba macho!"

Itazameni ile video vizuri, sekunde ya 11, upande wa kulia. Kafumba jicho gani pale?

Mengine ni ya haraka. Fundi akaikata kamba kwa panga, nikaangukia majani ya tawi, nikakimbilia pipa la maji, nikaingia mzima mzima. Utomvu wa mwembe umeniunguza shingo, navaa kola mpaka leo. Kisiki fundi alikimalizia safi, nje kidogo ya ule uvimbe wa shingo ya tawi, na akanikataza kukipaka rangi, eti mti unajiziba wenyewe. Mke wangu alikuwa sokoni, aliipata video kabla hajalipa nyanya. Mama mkwe karudi Tanga na nina taarifa kwamba anasimulia hadi kwenye vikoba, na hiyo ya "shikamoo" anaiigiza kwa kusimama juu ya kigoda.

Na wewe uliyenitengeneza stika, nimekuona.

Kuna tawi jingine, linaelekea bati langu. Fundi anakuja Jumamosi na kijana wake. Safari hii ni laki moja, kwa sababu kamba tuliikata.