Siku yake ilifika, au lori halikuwa na taa?

Kama umeshazika mtu hapa Uganda hii sentensi unaijua kabla mhubiri hajafungua mdomo: siku yake ilikuwa imefika. Anaambiwa mzee wa miaka 90 aliyelala hakuamka, anaambiwa mtoto wa malaria, dada aliyefia leba, kijana wa boda, wote sentensi ni ile ile moja. Watu wanaitikia amina, mabugo, yaani michango ya rambirambi, yanaendelea kukusanywa, MC anamwita mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, aseme maneno mawili matatu, na hapo hakuna tena anayeuliza kitu.

Mimi nimeokoka, na Mungu kutawala naamini kabisa, naisema mapema kwa sababu najua kuna watu wataanza kuniombea. Shomoro haanguki bila Baba kujua, hilo sina ubishi nalo. Ninachobishania ni vile tunaichukua hiyo imani tunaifanya blanketi, tunafunika nayo kila uzembe wa nchi hii halafu tunaita kumtegemea Mungu.

Tulizika kijana wa steji yetu ya boda, huku upande wa Busia. Aliingia usiku chini ya lori lililoharibika barabarani, na kama unaijua hii highway ya kutoka Jinja kwenda Bugiri mpaka mpakani unajua nazungumzia nini, trela limekufa katikati ya njia, taa hakuna, pembetatu ya kuakisi hakuna, ni matawi ya mti tu tanboi, msaidizi wa dereva, ameyavunja kichakani akayatupa nyuma ya lori hatua chache, matawi mabichi ambayo usiku na kamvua kanakonyesha huwezi kuyaona mpaka tairi liko juu yake. Na lile lori halikuharibika saa ile. Lilikaa pale tangu asubuhi, sisi wote wa steji tulilipita, trafiki nao walilipita.

Kwenye mazishi pasta alihubiri vizuri tu, Bwana alitoa na Bwana ametwaa, sauti yake nzuri, watu walilia. Mama wa marehemu alikuwa kwenye mkeka, amenyoosha miguu, ameshika koti la kazi la mwanae lile lenye namba ya steji mgongoni. Shemeji yake mmoja akainama akamwambia, mama, usijiulize maswali, ni Mungu. Mama hakujibu. Mimi nikawa namfikiria mwenye lori, ambaye hata hakuja, nikasema kama angekuwepo hayo maneno yangemfurahisha kuliko mtu yeyote chini ya tenti ile.

Sasa tufungue Biblia hiyo hiyo. Kutoka 21 inaongea habari ya ng'ombe dume anayepiga watu kwa pembe. Akiua mtu mara ya kwanza, ng'ombe anapigwa mawe na mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe alikuwa na hiyo tabia tangu zamani, na mwenyewe alionywa akapuuza, hapo ni kesi ya mwenye ng'ombe, tena kesi ya kufa. Musa haandiki kwamba siku ya marehemu ilifika. Anauliza mwenye ng'ombe alijua au hakujua? Halafu kuna Kumbukumbu la Torati 22:8, ukijenga nyumba mpya weka ukuta wa kando kule juu ya dari, mtu asije akaanguka damu yake ikawa juu ya nyumba yako. Yaani Mungu yule yule mwenye kuhesabu siku zetu ndiye anayekuagiza ujenge ukuta! Angetaka tuseme tu ni mipango ya Mungu, ukuta wa nini?

Kuna watakaosema basi unamfanya Mungu mdogo, unasema Mungu alishindwa na lori. Hapana. Soma Matendo 12. Sura inaanza Yakobo ndugu yake Yohana ameuawa, halafu hiyo hiyo Petro anatolewa gerezani na malaika, minyororo inaanguka, geti linajifungua lenyewe. Kwa nini mmoja akafa mwingine akatoka? Luka haelezi, na mimi sitajifanya najua kuliko Luka. Lakini angalia alivyoandika kifo cha Yakobo: Herode alimuua kwa upanga. Jina la muuaji lipo na silaha ipo. Na kanisa halikukaa likasema kama siku ya Petro imefika imefika, lilikesha likiomba.

Yusufu ndiye aliyeweka mambo yote mawili mahali pamoja. Ndugu zake wanatetemeka mbele yake, yeye anawaambia ninyi mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema. Wahubiri wetu wanaipenda ile nusu ya pili, ile ya kwanza wanairuka, wakati Yusufu aliisema kwanza, tena usoni mwao. Mliniuza. Halafu ndiyo akawasamehe na kuwapa chakula.

Hata sisi Uganda hatuna haja ya kwenda mbali. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana mwaka 1977 alijua kabisa Idi Amin, rais wa wakati ule, ni mtu wa namna gani. Kama kumtegemea Mungu ni kunyamaza, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kunyamaza, kukaa kwake Namirembe, kilima cha kanisa kuu pale Kampala, akingoja sherehe za miaka 100 za kanisa lake zilizokuwa mwaka huo huo. Badala yake yeye na maaskofu wenzake waliandika barua kwa Amin kulalamikia mauaji, na siku chache tu baadaye, tarehe 16 Februari, akauawa, pamoja na mawaziri wawili, Oryema na Oboth Ofumbi. Na serikali ilitangaza nini? Ajali ya gari! Wakristo walikusanyika Namirembe kwa ibada bila mwili, maana mwili haukutolewa, ulipelekwa kimya kimya kwao Mucwini kule Kitgum. Fikiria siku ile watu wangeitikia amina, ajali, siku yake ilifika. Leo 16 Februari ni sikukuu ya taifa kwa sababu kuna watu walikataa hiyo stori.

Na hawa wa upande wa pili nao, wale wahubiri wa pokea gari, pokea visa, Mungu lazima afanye kabla ya Ijumaa, hao siwezi kuwamaliza leo. Wao Mungu wamemfanya mfanyakazi wao. Ila naona wanafanana na wale wa siku-yake-ilifika kuliko wanavyodhani, maana kote kuwili mwanadamu hana jukumu lolote zaidi ya kusema amina na kutoa sadaka.

Mimi kuamini Mungu anatawala kunanisaidia mahali pengine. Kunanisaidia pale nimeshafanya yangu yote na bado nashindwa kulala. Kunanisaidia kumwambia yule mama kwamba mwanae hakupotea mikononi mwa Mungu, hata kama alipotea mikononi mwetu, na kwamba mwenye lori akitoroka polisi ya Busia hajatoroka kila mahali. Hapo ndipo imani inabeba mtu. Lakini siwezi kumwambia Mungu ndiye aliyepaki lile lori.

Baada ya mazishi niliyasema haya kwa mzee mmoja wa kanisa, mtu namheshimu sana, mulokole, yaani mtu aliyeokoka, wa siku nyingi. Akaniambia, mwanangu, usishindane na Mungu. Nikamwambia, mzee, sishindani naye, nauliza lori ni la nani. Akanyamaza kidogo akasema Ayubu naye aliulizauliza hivyo hivyo. Nikamwambia ndiyo mzee, na mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia nani, Ayubu au wale marafiki waliokuwa wanamtetea Mungu? Akacheka, akasema wewe kijana utakuja kuwa na kesi.

Ombi langu kwa wapasta ni dogo. Kwenye mazishi ya watu wa barabarani, viti vya mbele chini ya tenti huwa wamekaa LC, diwani, mara nyingine hata OC, mkuu wa kituo cha polisi, na mikrofoni iko mkononi mwenu. Ombeni, hubirini ufufuo, mfarijini mama. Halafu kabla ya kumrudishia MC mikrofoni, msomeeni yule aliyekaa mbele ile ya ng'ombe.