Orodha ya Misaada Isianzie kwenye Daftari la Waumini

Maji yakishaingia majumbani usiku, mlango wa kwanza kugongwa mara nyingi ni wa kanisa. Jengo lina paa imara, lina mabenchi, na mwenye ufunguo anajulikana na kila mtu. Mashirika makubwa yatafika, lakini yatafika baada ya tathmini, vibali na magari. Kanisa lilikuwepo jana na litaendelea kuwepo wapiga picha wakishaondoka. Nguvu hiyo hainunuliki kwa bajeti yoyote, na ndiyo maana inaniuma kuona tunavyoipoteza kwenye jambo moja: namna tunavyoamua nani apewe na nani asipewe.

Kamati nyingi za maafa za makanisa huanza kazi kwa kufungua daftari la waumini. Majina yamo, maeneo yamo, viongozi wa jumuiya wanapigiwa simu, na kabla ya jioni orodha ya waathirika iko tayari. Ni haraka na ni rahisi. Lakini mpangaji aliyehamia mwezi uliopita hayumo. Katika familia ya dini nyingine iliyopoteza kila kitu, hayumo hata mmoja. Mzee asiyeweza kutembea, ambaye hajaonekana ibadani kwa miaka, naye kasahaulika. Mkimbizi ndiye hayumo kabisa, maana hana barua ya utambulisho kutoka kwa mchungaji wake, na pengine huyo mchungaji mwenyewe naye yuko njiani anakimbia.

Nimewahi kusimama kwenye ugawaji wa namna hiyo. Meza moja, daftari, kidau cha wino kwa ajili ya dole gumba, mablanketi yamefungwa kwa kamba nyuma ya karani. Mama mmoja alifika mbele akiwa na mtoto mgongoni. Karani akapitisha kidole ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili, akarudi tena wa kwanza, kisha akamwambia kwa upole: "Mama, jina lako silioni. Kaa pembeni kwanza." Pembeni walikuwepo wengine. Mablanketi yaliisha kabla hawajaitwa. Karani hakuwa mtu mbaya, alifuata karatasi aliyopewa. Kosa lilikuwa limeshafanyika kabla, pale orodha ilipoandikwa ofisini bila mtu kukanyaga matope kwenda kuhesabu nyumba.

Wakristo hatuna sababu ya kulishangaa hili. Matendo ya Mitume sura ya 6 inasimulia malalamiko hayohayo: wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa wakirukwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwaambia walalamikaji wawe na subira, wala hawakuhubiri juu ya manung'uniko. Walirekebisha utaratibu. Walichaguliwa watu saba wa kusimamia kazi hiyo, na majina yao ni ya Kigiriki. Kwa maneno mengine, inaelekea upande uliokuwa ukinyimwa ndio uliokabidhiwa ghala. Natamani kila kamati ya maafa isome sura hiyo kabla ya kikao chake cha kwanza, kisha ijiulize kama mezani yupo hata mtu mmoja kutoka kwa wale ambao kwa kawaida hurukwa.

Najua jibu litakalotolewa. Sadaka imetoka kwa waumini, na Paulo aliwaandikia Wagalatia juu ya kuwatendea mema hasa walio wa nyumba ya imani. Ni kweli aliandika hivyo, katika sura ya 6. Lakini sentensi hiyohiyo inaanza na watu wote, na hatuna ruhusa ya kuikata katikati. Isitoshe, makanisa yenyewe yalishalifikia jambo hili zamani. Mwaka 1994 ulipotolewa mwongozo wa maadili wa Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada, miongoni mwa waliouasisi walikuwa Caritas Internationalis, mtandao wa misaada wa Kanisa Katoliki, Shirikisho la Kilutheri Duniani na Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Mwongozo huo unasema msaada utolewe kwa kuangalia uhitaji peke yake, bila kujali kabila, imani wala uraia wa anayepokea, na usitumike kuendeleza msimamo wa kisiasa au wa kidini. Kumwombea mtu aliyeomba kuombewa ni sawa. Kumfanya asikilize mahubiri kwanza ndipo apewe ndoo si sawa, hata kama mahubiri yenyewe ni mazuri.

Tukishajua nani anahitaji, tunabaki na swali la anahitaji nini, na hapa pia tunapenda kujibu kabla ya kuuliza. Baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi ya Desemba 2004, marundo ya nguo kuukuu yalitelekezwa kando ya barabara kwa sababu hakuna aliyezihitaji. Baada ya tetemeko la Yogyakarta nchini Indonesia mwaka 2006, maziwa ya kopo yaligawiwa kwa wingi, na watafiti walikuta kuhara kumezidi kwa watoto wachanga waliopewa maziwa hayo kuliko kwa wasiopewa. Chupa haioshwi vizuri pale ambapo maji yenyewe yamechafuka. Kwa hiyo mama anayenyonyesha apewe chakula chake, maji salama na mahali pa faragha. Na pale ambapo soko linafanya kazi, pesa taslimu humsaidia mtu kuliko furushi letu, kwa sababu yeye ndiye anayejua kama leo shida yake ni dawa, nauli au sufuria.

Jengo la kanisa likigeuzwa makazi ya muda, hesabu zifanywe mapema. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika mengi ya misaada hufuata, vinataja angalau mita za mraba 3.5 kwa kila mtu na lita 15 za maji kwa kila mtu kwa siku. Ukumbi wa mita 20 kwa 10 kwa kipimo hicho unatosha watu 57. Sisi huwaingiza 300 na kumshukuru Mungu kwamba wametosha. Usiku wa kwanza hakuna namna, kila mtu aingie. Wiki ya pili ni jambo jingine: vyoo vya wanawake viwe mbali na vya wanaume, viwe na taa na komeo la ndani, taulo za kike ziwepo bila mtu kulazimika kuziomba mbele ya wazee wa kanisa, na maji ya kunywa yatiwe dawa. Kipindupindu hakiogopi madhabahu.

Mkimbizi ana shida ambayo mwathirika wa mafuriko hana. Maji hupungua, na wengi hurudi kufukua walichoacha. Vita haina msimu, na anayevikimbia anaweza kuishi ugenini miaka mingi. Shirikisho la Kilutheri lilipoundwa mjini Lund, Sweden, mwaka 1947, inakadiriwa kwamba Mlutheri mmoja kati ya kila sita duniani alikuwa mwenyewe mkimbizi au amehamishwa kwao, na tangu hapo kazi ya wakimbizi haijawahi kuwa kazi ya pembeni kwao. Kwa mkimbizi, mtu wa kumsindikiza kwenye ofisi ya maombi ya hifadhi na kumtafsiria anaweza kuwa na thamani kuliko gunia la chakula.

Na hapa ndipo suala la orodha linapogeuka. Orodha ya waathirika wa mafuriko naisisitiza ibandikwe ukutani, isomwe hadharani, na kila mtu awe na haki ya kusema fulani amesahaulika au fulani hakuguswa na maji. Ya wakimbizi ifungiwe kabatini. Majina, picha na mahali wanapolala vikifika mikononi mwa wale waliowafukuza, tutakuwa tumewasaliti wao na ndugu zao waliobaki nyuma. Sioni sababu yoyote ya haki ya kurusha mtandaoni uso wa mtoto mkimbizi akipokea daftari la shule, hata kama wafadhili wanasubiri ripoti. Wapelekewe hesabu na stakabadhi.

Hesabu zenyewe zisiachwe kwa mhazini peke yake. Paulo alipobeba michango ya kwenda Yerusalemu, kama anavyoeleza katika 2 Wakorintho 8, alifuatana na ndugu aliyeteuliwa na makanisa, kusudi mtu asije akawalaumu kuhusu fedha hizo. Mtume mwenyewe hakutaka kuaminiwa bila shahidi.

Mwezi mmoja baadaye iandikwe orodha ya pili. Hii ni fupi zaidi, na kanisa lina nafasi nzuri kuliko wengi ya kuiandika kwa sababu halijaondoka: nani bado analala ukumbini, mtoto yupi hajarudi shule, nani amekopa kwa riba ili ajenge upya. Sehemu ya michango iwekwe kando tangu siku ya kwanza kwa ajili ya hao, na kamati itangaze kiasi hicho Jumapili ileile sadaka inapokusanywa.