Subaru Iliyosujudu Mlandizi

Kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro ni kama kilomita 190, na gari la mbio likitembea lenyewe njia yote hiyo linafika limechoka kabla mashindano hayajaanza. Sisemi injini, nasema dereva. Subaru Impreza yangu ya miaka ya 1990 haina kiyoyozi, haina zulia, haina kiti cha nyuma. Ndani kuna mabomba ya chuma ya kulinda vichwa vyetu siku ikibiringika, na ekzosi yake watoto wa kwetu Tabata wanaisikia ikiwa bado iko Ubungo. Halafu kuna jambo ambalo kila mtu wa mbio analijua ingawa hapendi kulitaja: gari lililokwenda kwa magurudumu yake, mara nyingi hurudi kwa kuvutwa. Sasa kama tela lazima litakuja tu, si bora uondoke nalo kabisa?

Kikao cha kuchagua gari la kuvutia kilikaa chini ya mwembe wa fundi. Wajumbe tulikuwa mimi, binamu yangu ambaye ndiye msoma ramani wangu, fundi mwenyewe, na watu kadhaa ambao hakuna aliyewaita. Mjini hapa ukifungua boneti tu, kamati imeshaundwa.

Binamu alitanguliza Noah yake. "Noah hii Idi iliyopita ilibeba ukoo mzima na mbuzi wawili. Itashindwa na kigari kimoja?"

Fundi akamuuliza breki zake zikoje siku hizi. Binamu akaanza kuzungumzia hali ya hewa.

Mmoja wa wale wasioitwa akapendekeza Kirikuu, kile kipikapu kidogo. Tulicheka, lakini fundi hakucheka. Alichukua kijiti akaandika hesabu chini kwenye mchanga. Subaru kama kilo 1,250. Tela tupu kilo 600. Ongeza matairi ya akiba, jeki, madumu na sanduku la spana, unakaribia tani mbili. "Anayevuta akiwa mwepesi kuliko anayevutwa," akasema, "kwenye mteremko ndipo mtajua nani anamwendesha mwenzake." Kirikuu na dereva wake na chakula chake cha mchana hakifiki uzito wa Subaru peke yake. Kikafutwa kwa mguu. Canter nayo ikatajwa, tupakie Subaru juu kabisa, ikafa mara moja kwa sababu hakuna aliyejua ingepandaje.

Ilibaki Prado. Ya dizeli, ina uzito wa kutosha, breki nzuri, na kitabu chake kinaruhusu kuvuta zaidi ya tani mbili ilimradi tela liwe na breki zake lenyewe. Shida ni kwamba kwenye ukoo wetu Prado ni moja, na ni ya shemeji, kaka wa mke wangu. Shemeji anaipenda ile Prado kiasi kwamba watoto wake wanaijulia hali asubuhi.

Alikubali. Sijui mke wangu alimwambia nini, nami sikuuliza. Masharti yake alinisomea sebuleni, amesimama: msipakie mkaa wakati wa kurudi, msimpe binamu yako usukani, na msile ndani. La tatu alilirudia. "Harufu ya chakula haitoki kwenye viti, shemeji. Haitoki."

Tela tukakodi kwa mzee mmoja wa jirani. Alikuwa nayo mawili, la ekseli mbili na la ekseli moja. La ekseli mbili linatulia barabarani, na tairi moja likipasuka unaweza kusogea taratibu mpaka mahali salama. La ekseli moja ni jepesi, linageuzika kwa mkono, na kukodi ni nusu ya bei. Kamati ilijadili usalama kwa kirefu sana, kisha ikachukua la nusu bei.

Prado ilikuwa na chuma cha kuvutia nyuma ila haikuwa na kichwa, kile kidude cha duara cha ukubwa wa ngumi ambacho kikombe cha tela hukalia juu yake. Binamu akatumwa Gerezani, kwenye maduka ya spea. Alirudi nacho kimefungwa kwenye gazeti, kinang'aa utadhani hakijawahi kuguswa na binadamu. Fundi akakifunga, akakipaka grisi nene, tukashusha kikombe cha tela juu yake, kikalia "ka!" Hakuna sauti inayompa mtu imani kama ile "ka".

Kisha ikaja kazi ya kupakia. Bampa la mbele la Subaru liko chini sana, na kila tulipoipandisha kwa mbele bampa liliuma mwisho wa ngazi za tela likagoma. Mtu mwenye akili angetafuta mbao ndefu apunguze mwinuko. Binamu alipata wazo lingine. "Igeuze! Ipande kinyumenyume!"

Ikapanda kama mtoto mtiifu. Watu wakapiga makofi. Tukaikaza kwa mikanda ya lori, magurudumu yote manne, nikaivuta mikanda ile mpaka ikalia. Wakati wa kuondoka niliona nyuma ya Prado imeinuka kidogo. Binamu akasema hiyo ni dalili njema, maana yake tela halina uzito.

Hapa nitasimama kidogo, kwa faida ya yeyote anayetaka kuvuta kitu. Shingo ya tela inatakiwa iikandamize Prado kwa chini. Tela na mzigo vikiwa tani mbili, mkandamizo huo uwe kama kilo 100 au zaidi. Injini ya Subaru imelala mbele kabisa, mbele hata ya ekseli ya mbele, na sehemu kubwa ya uzito wa gari iko huko. Ukilipakia kinyumenyume, injini yote inaning'inia mkiani mwa tela. Shingo sasa haikandamizi. Inanyanyua. Na tela linalonyanyua shingo barabarani hucheza.

Lilicheza. Tulipofika ile barabara pana ya njia nane kati ya Kimara na Kibaha nikafika 80, tela likaanza kwenda kushoto, kulia, kushoto, na kila mara likivuka pale lilipofika mwanzo. "Ongeza mafuta linyooke!" binamu akapiga kelele. Ni ushauri unaotolewa sana, na waliotoa wengi wao hawakuwa wameshika usukani. Nikaachia mafuta polepole, sikugusa breki, nikashika usukani bila kushindana nao. Likatulia. Tukaendelea kwa 60, tukapitwa na mabasi, tukapitwa na malori ya mafuta, tukapitwa na mtu mwenye pikipiki aliyepakia kitanda.

Jambo la ajabu lilikuwa mabasi yanayotufuata. Kila basi lililofika nyuma yetu liliwasha taa kwa hasira na kupiga honi. Nilidhani ni mwendo wetu. Ilinichukua muda kuelewa: dereva wa nyuma alikuwa anaona Subaru inamtazama uso kwa uso, na kwa akili yake kuna mwendawazimu anamjia kwenye njia yake. Wengine walipotupita walitoa kichwa dirishani kutafuta dereva wa ile Subaru ili wamtukane ipasavyo.

Shemeji naye alipiga simu Kibamba, akapiga Maili Moja, akapiga tena.

"Prado inaendeleaje?"

"Salama, shemeji."

"Mnakula?"

"Hapana."

Mlandizi kuna kibao cha 50 na kila dereva wa njia ile anaiogopa tochi ya trafiki ya kupima mwendo, kwa hiyo niliingia mjini kistaarabu kabisa. Ndiyo iliyotuokoa. Tulipanda tuta, magurudumu ya Prado yakashuka upande wa pili, nikasikia nyuma "ngo!", kisha kelele ya chuma kikilima lami. Prado ikawa nyepesi ghafla, halafu ikawa nzito kuliko mwanzo. Nikasimama.

Kikombe kilikuwa kimechomoka. Mnyororo wa usalama ulishika, Mungu ambariki aliyeubuni, kwa hiyo tela halikutukimbia. Ila shingo yake ilikuwa imepaa juu ya dirisha la nyuma la Prado, mkia wake umekaa kwenye lami, na Subaru iko juu yake matako yakiwa angani na paji la uso limegusa barabara. Ilikuwa imesujudu. Na kwa sababu ilipakiwa kinyumenyume, ilisujudu ikielekea Dar es Salaam.

Mlandizi ilihamia pale. Bodaboda, wauza machungwa, wanafunzi, abiria walioshuka kwenye daladala wakaamua safari inaweza kusubiri. Mzee mmoja mwenye kanzu alisimama muda mrefu, akatikisa kichwa akaondoka bila kusema neno, na kati ya wote yule ndiye aliyeniuma.

Afande wa usalama barabarani akaja na daftari lake.

"Dereva wa hii ya mbele?"

"Mimi, afande."

"Na hii ya nyuma?"

"Haina dereva."

"Sasa mbona inaelekea huku?"

Nilimweleza. Alisikiliza, akaizunguka Subaru, akauliza bima na leseni ya udereva, vyote akavikuta viko sawa, akafunua daftari, akalifunga. Nadhani alikuwa anatafuta jina la kosa. Mwisho akasema tuiondoe barabarani haraka, lakini kwanza binamu ampige picha nayo.

Aliyetupa elimu alikuwa utingo wa lori lililokwama kwenye foleni tuliyoitengeneza. Kijana mwembamba, ndala, fulana ya timu ya zamani. Hakuuliza kitu. Alikwenda kwenye kichwa cha Prado, akafuta grisi kwa dole gumba, tukaona maandishi juu yake: 1 7/8. Akaenda kwenye kikombe cha tela, akakwangua rangi: 50.

"Hii ni inchi," akasema, "haifiki milimita 48. Kikombe kinataka 50. Hawa hawajuani, bosi."

"Lakini kililia 'ka'," nikasema.

"Kulia kitalia." Alisubiri mpaka tumeishusha Subaru, akaweka kikombe juu ya kichwa, kikalia "ka", akafunga kipini. Kisha akakiinua kwa mkono mmoja kikatoka, huku mkono wa pili umeshika kipande cha muwa. Binamu akaanza kueleza kwamba muuzaji alimhakikishia vichwa vyote ni saizi moja. Hakuna aliyemgeukia.

Kuishusha Subaru kwenyewe kulikuwa rahisi, tela lilikuwa limeshajifanya ngazi. Tukalegeza mikanda, binamu akakaa ndani na mguu kwenye breki, ikateremka. Bampa likabaki kwenye lami. Fundi angefurahi: tatizo la bampa lilikuwa limekwisha kabisa.

Kichwa cha milimita 50 Mlandizi hakikupatikana. Saa za ukaguzi Morogoro zilikuwa zinakaribia. Tukaamua tela libaki chini ya mwarobaini wa mama ntilie mmoja, mama mkarimu aliyekwisha kufanya biashara ya mwezi mzima kwa ajili yetu, na Subaru iende kwa magurudumu yake. Simu yangu ilikuwa imezima, nikaazima ya mama kumwambia shemeji kwamba tumesimama kidogo.

"Kwa nini kuna kelele?"

"Watu wameipenda Prado, shemeji."

Mabenchi ya mama yalikuwa yamejaa watazamaji, hapakuwa na pa kukaa. Wali, maharage na samaki wa kukaanga tulilia ndani ya Prado. Tulifungua madirisha yote.

Morogoro tulifika, tukakaguliwa, tukaanza. Kuhusu mbio zenyewe sina mengi. Giaboksi ya gia tano ya Impreza za wakati ule inajulikana kwa kung'oka meno ukiikanyaga kwa hasira, na mimi nilikuwa na hasira nyingi. Gia ya tatu ilikufa katikati ya mashamba ya mkonge, ikafuatwa na ya nne. Tukaburutwa na trekta mpaka barabarani.

Asubuhi yake tukazunguka maduka ya spea ya Morogoro, binamu safari hii ameshika rula, tukapata kichwa kimeandikwa 50 juu. Nikalipa, nikampigia mama ntilie kumwambia tunakuja kuchukua tela.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tela halipo."

"Halipo?"

"Liko Chalinze, limepeleka tofali. Jirani yangu ana Hilux, kichwa chake hamsini, yule kijana wa lori alinionyesha pa kusoma. Linarudi saa kumi. Njoo na hela ya tairi, moja limepasuka."

Sikujua niseme nini. Nikamwambia ahsante.

"Na huyo shemeji yako anapiga simu tangu jana usiku, namba aliiona. Mtu mwema sana, ana wasiwasi tu. Nimemwambia gari lake zima, halina hata mkwaruzo, na samaki mlimaliza wote humo humo ndani."